Baki Tatu

Faki, acha kuokota vifungo, njoo uandike.
Vyerehani kumi na viwili, hapa Buguruni, uani kwa marehemu mjomba wako.
Kila fundi sare mbili kwa siku.
Sare mia mbili na arobaini, shule ikifunguliwa ziwe tayari.
Siku ngapi?
"Kumi," alijibu, hata vidole hakuhesabu.
Vema. Hiyo ni hesabu ya watu wasiougua.

Sasa siku nne zimekwisha.
Tisini na sita zimekunjwa, zimefungwa kamba ya katani.
Likonde kapigiwa simu, baba yake hayupo tena,
kapanda basi la Newala alfajiri na mkasi wangu mfukoni.
Somoe kashikwa uchungu katikati ya mshono wa kwapa,
sindano imebaki imezama kitambaani.
Mshamu kavutwa na duka la Mtaa wa Kongo,
wanamwongezea mia mbili kila kola.
Na Hidaya, basi, Hidaya hakuaga.
Kanga yake ingali kitini.

Wamebaki wangapi? "Wanane."
Wanane, kwa siku ngapi?

Alikwama.
Hapo hapo nilikwama mimi darasa la sita,
Mwalimu Mwakibinga akanigonga kisogoni kwa kipande cha chaki:
Walioondoka waache waende! Tazama kazi iliyobaki.
Kazi haifuatani na mtu kituoni.

Mia moja arobaini na nne. Gawanya kwa kumi na sita.
"Tisa, shangazi."
Tisa. Nasi tuna sita.
Penseli yake ikasimama hewani
kana kwamba mimi ndiye niliyekosea swali.

Kitabuni vibarua wote ni sawa.
Hakuna mwenye jino linalouma,
hakuna anayepokea leo kulipa deni la juzi,
wala taa haizimiki saa moja jioni mtaa mzima ukaguna.

Siku tatu tukaenda hivyo hivyo, kumi na sita, kumi na sita,
mimi nikitumaini,
na tumaini halina kanuni.
Zikabaki tisini na sita, na siku tatu.
"Thelathini na mbili kila siku," sauti ikatoka chini ya meza.
Sikuwa nimemuuliza.

Usiku ule nikamfuata Bi Nakaya.
Macho yamefifia, anashona moja kwa siku,
uzi anautia kwa ulimi na dua.
"Huyu tumwandike nusu mtu?" Faki akauliza, mbele yake.
Bi Nakaya akacheka hadi akavua miwani.
"Niandike nusu, mjukuu wangu,
lakini chai niletee nzima."

Likonde akarudi, kichwa kimenyolewa,
akauweka mkasi mezani, hakusema neno, akakanyaga.
Tisa sasa, kila mmoja tatu, kwa mwanga wa kandili:
ishirini na saba.
Na moja ya Bi Nakaya.
Faki akalitazama daftari, kisha akanitazama mimi.
"Shangazi, wewe uko wapi kwenye hesabu?"

Miaka saba nimeshika kalamu tu.
Nikaitoa kanga ya Hidaya kitini, nikaikunja, nikaketi.
Pedali ilinikataa kama punda aliyesahau mwenyewe.
Nilidaiwa nne kwa siku. Nilishona tatu,
na ya kwanza ilikuwa na mikono miwili ya kushoto,
nikaifumua kwa meno.

Mia mbili thelathini na saba, kaandika Faki,
akapiga mstari chini kwa rula:
baki tatu.

Zile tatu nilizipeleka mwenyewe, Jumanne, bado zina joto la pasi.
Watoto watatu walisimama mstarini na nguo za nyumbani.
Wawili wakazidaka.
Wa tatu, aliyevaa gauni la Idi lenye marinda ya njano,
akaficha mikono mgongoni,
hakutaka kuipokea.